Mguu Ulivunjwa Ireland, Mkono Ukaniponza Forest

Mnaoniuliza kama mguu umepona, jibu ni hapana. Na wale wanaouliza harusi ni lini, kaeni kwanza, msije mkaanguka.

Kwa aliyeukuta mkasa huu leo: naitwa Donatien, mzaliwa wa Likasi kule Kongo, mtoto wa Schaerbeek hapa Brussels, na kazi yangu ilikuwa kufunga mabao. Msimu uliopita niliucheza Ireland, katika timu ya mji mdogo wa Ardcarrig, ligi ya daraja la pili. Wenyewe wanaiita Daraja la Kwanza, maana iliyo juu yake wameipa jina kubwa zaidi. Basi, wacha wajifurahishe.

Timu kumi. Mechi Ijumaa jioni, mvua ya kando, upepo wa kung'oa nywele. Kipa wetu asubuhi alikuwa mwalimu wa hesabu, beki wetu fundi wa matofali. Nilifunga mpaka mashabiki wakanitungia wimbo, na sikuelewa hata neno moja la wimbo huo. Tukafika mchujo wa kupanda daraja, mechi ya mwisho, dhidi ya Dromvale.

Na Dromvale walikuwa na namba tano.

Mnamkumbuka. Numbi, jina kubwa mgongoni, Mkongomani mwenzangu ambaye sikuwahi kuzungumza naye nje ya uwanja. Nilimpita. Akaniingia kwa miguu yote miwili, juu ya ugoko, mfupa ukatoka nje ya soksi. Refa akatoa kadi ya njano. Ya njano, jamani! Dromvale wakapanda daraja, mimi nikapakiwa kwenye machela.

Nikarudi Brussels bila mkataba, na vyuma mguuni. Hospitalini nikakutana na Mignonne, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huku wanawaita kiné. Alinifundisha kutembea upya kama mtoto mchanga. Tukapendana. Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwao, mtaa wa Forest, Jumapili baada ya misa, mimi na suti yangu na béquille yangu, ule mkongojo wa chuma, nimekwenda kujitambulisha kwa wazee wake.

Mlango ukafunguka. Aliyeufungua ni namba tano.

Nilimtazama. Naye akanitazama, halafu akateremsha macho mpaka kwenye mguu wangu, akayapandisha tena polepole.

"Karibu, shemeki," akasema.

Shemeki! Neno hilo, shemeji kwa Kiswahili cha kwetu, lilinipasua masikio. Damu yote ilinipanda kichwani, na nikiwa pale pale kizingitini niliapa kwamba mtu huyu hatalala na mifupa yake yote mizima.

Najua mtaniuliza: we Donatien, yaani hukujua hata jina la familia ya mchumba wako? Jina gani la familia? Kwetu Katanga kila mtoto anapewa jina lake. Huyu la babu, yule la shangazi. Mignonne ni Mwamba. Kaka yake, tumbo moja, ni Numbi. Makarani wa hapa wanapata wazimu na majina yetu kila siku, na siku ile mimi mwenyewe, Mkatanga wa Likasi, nikanaswa kama wao.

Na kuhusu kaka huyo, Mignonne aliniambia jambo moja tu: yuko Uingereza, anafanya kazi kwenye ghala la maboksi.

"Dona, ingia! Mbona unaziba mulango?" Tonton Bertin alinisukuma kutoka nyuma. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, ndiye msemaji wangu siku hiyo, amevaa koti la rangi ya samli na amebeba katoni ya bia kifuani.

Tukaingia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana bila desturi hamtaelewa maafa yangu.

Siku ya kujitambulisha, mwanaume haongei. Msemaji wake anaongea. Wewe unakaa, unainamisha kichwa, unakuwa mpole hata kama kwenu ni mbwa mwitu.

La pili ni buko, heshima ya ukwe. Mama mkwe humtazami machoni. Humpi mkono. Huli mbele yake, wala yeye hatamki jina lako. Na kumgusa? Ah. Hata adhabu yake sikuwahi kuisikia, maana sikuwahi kumsikia mtu aliyefanya.

Kwa hiyo Maman Pétronille, mama yake Mignonne, alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, uso ameugeuzia dirishani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwenye neno upande wao alikuwa kaka mkubwa wa mama huyo, Tonton Modeste, mzee wa watu, aliyefunga boliti kwenye kiwanda cha magari cha hapo Forest mpaka kilipofungwa. Mashangazi wawili walijaza kochi.

Na kiti kilichonielekea, goti kwa goti, akakikalia Hervé Numbi.

Nilimwinamia Tonton Bertin sikioni. "Tonton, uyu njo alinivunja muguu."

"Nani?"

"Kaka yake Mignonne. Uyu. Namba tano."

Tonton Bertin akaiweka katoni ya bia sakafuni. "Unyamaze," akanong'ona. "Tutaongea inje."

Tonton Modeste akakohoa. "Bon. Tunaona bageni. Alors, mulikuya kutafuta nini mu hii nyumba?"

Tonton Bertin akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Papa, shiye tulikuwa tunapita tu njia. Kumbe mu lupango ya nyumba yenu muko ua moja ya muzuri sana. Donc tukasema, hapana, tubishe hodi."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Hervé akatabasamu, meno yote nje.

Nikamwambia Tonton sikioni, "Mwambie ile meno nitaivunja moja moja."

Tonton Bertin akapaza sauti, "Kijana anasema anafurahi sana kuona shemeki yake."

"Na miye ninafurahi," Hervé akajibu. "Muguu unaendelea namna gani?"

Tonton Modeste akamgeukia. "Munajuana?"

"Tonton, tulicheza mupira pamoja. Kule Irlande."

Pamoja! Mnasikia? Pamoja!

"Tonton," nikanong'ona, "muulize kama kule kwao kuvunja bantu mifupa ni kucheza pamoja."

Jasho lilikuwa linamtiririka Tonton Bertin mpaka kwenye kola. "Kijana anasema," akatangaza, "kwamba kweli dunia ni ndogo."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika béquille kwa mikono miwili, na nilikuwa nasali. Msidhani nilisali nipate amani. Nilisali kikao kiishe haraka nimkute barabarani.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mignonne akaingia na sinia: bukari, ndiyo ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, kuku mzima. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu nilichomchagulia mimi mwenyewe kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles. Akamwona kaka yake amekaa mbele yangu. Akaniona mimi.

Hakushtuka.

Aliogopa, ndiyo, akasimama katikati ya mlango na sinia lake. Lakini hakushtuka. Mtu anayeona jambo geni anashtuka. Yeye alikuwa ni mtu anayeona jambo alilolingojea.

Nikavunja mwiko wa kwanza. Nikafungua mdomo wangu mwenyewe.

"Mignonne. Ulijua?"

Vigelegele vikakatika. Tonton Modeste akamtazama Tonton Bertin. "Bertin, mutoto yenu anaongea?"

"Ni dawa ya muguu, papa. Inamupanda kichwani."

"Mignonne, ninakuuliza!"

Akaweka sinia mezani. "Dona, nilitaka kukuambia. Kisha ya leo. Nilisema tumalize kwanza ya leo."

"Tangu lini ulijua?"

Akainamia sinia. Machozi yakaanza kumshuka, na hakuyafuta.

Hervé akasimama. "Usimulaumu yeye. Miye njo nilimutuma."

"Kutuma nani?"

"Mignonne. Kisha ile mechi sikuwa ninalala. Nilisikia balikurudisha Brussels, mu hospitali yenye yeye anatumika kazi. Nikamupigia simu. Nikamuambia, dada, ule muntu ni miye nilimuharibu, umuchunge kwa ajili yangu. Ulipewa kiné mwingine. Yeye akaomba babadilishe." Akafuta uso kwa kiganja. "Ile ya mapendo, hapo siko ndani. Ile ni yenu."

Jamani. Mmewahi kupigwa bila kuguswa?

Ile miezi yote. Zile asubuhi aliponishika kisigino na kuniambia, polepole Dona, tena moja, tena moja. Mimi nikidhani Mungu amenifungulia dirisha. Kumbe hata mapenzi yangu yalitoka kwa namba tano. Alinivunja, akanitumia na plasta.

"Ulinipenda," nikamwuliza, "ao ulinihurumia?"

"Mwanzo nilikuhurumia. Kisha..."

Sikumwacha amalize. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini baada ya hapo, na mpaka leo linanitesa.

Hervé akaizunguka meza. Akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono. "Shemeki, ninaomba pardon. Mbele ya mama, mbele ya tonton."

Angeishia hapo. Naapa kwa kaburi la baba, angeishia hapo, pengine leo ningekuwa nawaandikia nikiwa na mke pembeni. Lakini mwenzangu akaongeza.

"Ilikuwa accident. Mupira ni mupira."

Mori ulinipanda. Béquille ikaenda yenyewe.

Nilimpiga mdomoni. Chuma kiligonga jino na jino likatoka, nililiona likidunda kwenye kapeti. Alianguka chali juu ya meza, bukari ikaruka, sombe ikapaka ukuta, mashangazi wakapiga mayowe. Tonton Bertin alinikamata kiuno. Nikamtia kiwiko cha tumbo, akakaa chini na koti lake la samli, akitafuta pumzi.

Hervé akainuka. Damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni. Akashusha mikono yote miwili.

"Piga tena," akasema. "Piga mpaka utosheke."

Nikampiga bega. Akasimama. Nikampiga mbavu, akajikunja, akasimama tena. Hakuna kitu kinachotia wazimu kama kumpiga mtu anayekubali. Mimi nilikuja na hasira ya mwaka mzima, nilitaka mpinzani, na yeye ananipa mwili kama gunia.

Basi nikalenga ugoko. Wa kulia, kama wangu.

Hapo aliamka. Mguu ni mguu, mchezaji hautoi. Aliidaka béquille hewani, akaivuta, akanipiga kichwa cha pua. Nilisikia kitu kikilia ndani ya uso wangu. Tulianguka pamoja, yeye juu, akanikalia kifua, ngumi moja, mbili, jicho likaziba. Mkono wangu ukapapasa sakafuni ukakuta shingo ya chupa ya bia. Nikampasulia chupa hiyo juu ya nyusi. Akaviringika. Nikamfuata kwa magoti, huku jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja wa Kibelgiji, akigonga dari yake kwa fagio na kupiga kelele kwamba anaita polisi.

"Dona, acha! Dona!" Huyo ni Mignonne.

"Donatien!"

Na huyo hakuwa Mignonne. Mama mkwe hatamki jina la mkwe wake, lakini nililisikia, lote zima. Maman Pétronille alikuwa ameacha dirisha lake, ameingia kati yetu, amemfunika mwanawe kwa mwili wake na kunigeukia.

Hapa ningeweza kuwadanganya. Ningesema damu ilikuwa imeniziba macho. Hapana. Nilikiona kitambaa chake. Nilijua ni yeye. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka, nami ningeweza kuuzuia, na sikuuzuia.

Nilimsukuma. Kifuani, kwa kiganja wazi, kwa nguvu zote.

Alirudi nyuma hatua chache, kisigino kikanasa kwenye kapeti, akaanguka. Kichwa kikagonga ukingo wa radiator ya kupasha nyumba joto. Mlio wake ulikuwa mdogo tu, kama mtu aliyeweka sufuria chini. Kisha kitambaa cheupe kikaanza kubadilika rangi.

Mashangazi wakaweka mikono kichwani. Na nitawaambia kitu cha ajabu: kwa muda hivi hakuna aliyemtazama yeye. Walitazama mkono wangu. Nami nikautazama. Bado ulikuwa umenyooka.

Mignonne ndiye wa kwanza kupiga magoti, akambana mama yake taulo kichwani. Hervé akatambaa mpaka pale. "Maman! Maman, unanisikia?"

"Ninakusikia," Maman Pétronille akajibu. Sauti ilikuwa ya chini lakini ilikuwa yake.

Tonton Modeste alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Mukwe amegusa mama," akasema ndani ya viganja vile, na mzee mzima alikuwa analia. "Ee Mungu. Mukwe amegusa mama." Kisha akateremsha mikono, akatutazama mmoja mmoja. "Hakuna muntu aliona. Munasikia? Hakuna."

Polisi walifika pamoja na watu wa ambulance. Polisi wawili, mwanaume mwenye ndevu na mwanamke mwenye nywele fupi. Walikuta nyumba imepakwa sombe na damu, wanaume wawili wamepasuka nyuso, mama mmoja amekaa sakafuni anafungwa bandeji.

Yule mwanamke akachuchumaa. "Madame, ni nani aliyekufanyia hivi?"

Nilijiambia, haya Donatien, siku yako imefika. Nikaanza hata kupanga mikono nyuma ili wanifunge pingu bila taabu. Naapa nilikuwa tayari.

Maman Pétronille akaelekeza uso kwa polisi. Kifaransa chake ni kizuri, cha masista. "C'est mon fils," akasema, yaani ni mwanangu. "Hervé. Alikuwa anagombana na mgeni, mimi nikaingia kati, akanisukuma. Mgeni hana kosa."

Mlioko mbali mtashangaa. Mama gani anamuuza mwanawe? Lakini fikirini kwa kichwa cha mama wa Lubumbashi. Mama aliyesukumwa na mwanawe, hayo hutokea. Watu wanasikitika, kijana anapiga magoti, Noeli ikifika wanakula pamoja. Lakini mama aliyeshikwa kifuani na mkwe, mbele ya kaka yake! Habari hiyo ingefika Lubumbashi kabla damu haijakauka. Wangeisimulia misibani. Wangemsimulia mjukuu wake. Binti yake asingeolewa na mimi, na pengine na yeyote. Alichagua aibu ndogo.

Polisi akamgeukia Tonton Modeste. "Ni kweli, monsieur?"

"Vile dada yangu anasema," Tonton Modeste akajibu akitazama ukuta, "njo vile."

Mashangazi wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Tonton Bertin alikuwa anachunguza viatu vyake.

Hervé alikuwa bado amepiga magoti. "Maman?" akamwita, kama mtoto anayeita gizani.

Maman Pétronille akafumba macho.

Nikamwona Hervé anaelewa. Ilimchukua muda, ikamwingia taratibu, halafu mabega yakamshuka. Akasimama. "Oui," akasema. "Ni miye." Akajigeuza mwenyewe, mikono mgongoni.

Sasa pokeeni na hili, ambalo nilikuja kulisikia mashangazi wakinong'onezana pale pale. Ligi ya Ireland ilikuwa kwenye mapumziko ya Juni. Ndiyo maana alikuwa Brussels. Kesho yake alikuwa anapanda ndege kurudi Dromvale, ambao sasa wako ligi kuu, na yeye ndiye nahodha wao. Polisi wa kike alikuwa anamweleza kwamba atalala kwao, kwamba kumpiga mzazi si jambo la kuonywa na kuachiwa. Klabu ile ni ya mji mdogo, kila mtu anamjua kila mtu, na nahodha aliyempiga mama yake hawatamngoja.

Yaani msimu wake ulikuwa unakufa kama wangu ulivyokufa. Na mimi sikuhitaji hata kuinua kidole.

Nilifurahi. Kwa nini niwadanganye? Nilifurahi mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Yule mwenye ndevu akanijia na swali. "Na wewe, monsieur? Ulikuwa hapa. Uliona?"

Mignonne akainua kichwa. Mikono yake ilikuwa na damu ya mama yake mpaka viwikoni. Akaniambia kwa Kiswahili, ili polisi wasielewe, "Dona. Sema kweli. Ninakuomba, sema kweli, na mengine tutaona."

Na kutoka sakafuni, bila kunitazama, uso upande wa dirisha, mama yake akasema, "Mukwe yangu, acha vile iko. Ni miye ninakuomba."

Mkwe wangu! Alikuwa bado ananiita mkwe. Mnaelewa alichokuwa ananipa? Ninyamaze, na binti yake ni wangu, na nyumba yote itafunga mdomo mpaka kaburini.

Ningeweza kusema kweli. Ningeweza hata kusema sikuona, nilikuwa na damu machoni, na mtu yeyote angeniamini. Nikamtazama Hervé. Nikautazama ugoko wake mzima ndani ya suruali.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye. Nilimwona kwa macho yangu."

Msiniulize kama nilimstahi mama. Aka. Nilisema kwa ajili ya mguu wangu tu.

Pingu zikalia. Walipompitisha mbele yangu akasimama kidogo, mdomo umevimba, pengo linatoa damu. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitamani anitukane.

"Umuchunge dada yangu," akasema Hervé.

Hakuwa ananikebehi. Ningemwua kama angekuwa ananikebehi. Alisema kama mtu anayekuachia funguo za nyumba.

Ndipo Mignonne akasimama.

Sikujua kwamba mwanamke yule ana sauti ya namna ile. Hakuja kwangu, hakwenda kwa polisi. Alimgeukia mama yake, akapiga magoti mbele yake, akamshika mashavu, na kuacha alama za damu pande zote mbili.

"Maman, unisikilize. Uyu muntu haiko mukwe yako."

"Mignonne!" Tonton Modeste akanguruma.

"Tonton, ninakataa. Mbele yenu bote ninakataa. Sitaolewa naye leo, sitaolewa naye kesho, ata kama wanaume bengine wote bamekufa." Hakuwa analia tena. "Katoni yake ya bia airudishe. Ni muntu wa inje, alipita njia, akabisha hodi. Haiko mukwe ya muntu hapa."

"Mignonne," nikasema. "Mignonne, nisikilize kwanza..."

Hakugeuka hata kidogo.

"Anasema nini?" polisi wa kike akauliza. "Nani atanitafsiria?"

Hakuna aliyemtafsiria. Mlangoni Hervé alikuwa amesimama na pingu zake, na yule mwenye ndevu alikuwa amesahau kumvuta.

"Sasa buko imekwisha, maman," Mignonne akasema. "Aibu yako imekwisha. Hakuna mukwe alikugusa. Ni muntu wa barabara tu. Donc sema, mama yangu. Uambie huyu madame. Nani alikusukuma?"

Maman Pétronille akageuza uso kutoka dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akanitazama machoni, moja kwa moja, kama mtu anavyomtazama mgeni.

Kisha akamwashiria yule polisi wa kike asogee.